Nyanza ya Rwanda: Nyumba ya Mfalme Aliyebatizwa



Wengi wetu tukisikia jina Nyanza tunafikiria ziwa. Ipo Nyanza nyingine, kusini mwa Rwanda, karibu kilometa 90 kutoka Kigali. Hapo palikuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo, na leo ni makumbusho. Sisi mafrateri tulipatembelea tukiwa safarini nchini humo wakati wa likizo, na tunapenda kuwashirikisha, kwa sababu historia ya mahali hapo inaligusa Kanisa moja kwa moja.

Makumbusho yana sehemu mbili. Ya kwanza ni ikulu ya jadi iliyojengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani: msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi. Nyuma yake kuna nyumba ndogo mbili, moja ya maziwa na nyingine ya pombe. Ile ya maziwa ilitunzwa na msichana ambaye hajaolewa. Wapo pia ng’ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu ajabu, ambao wachungaji huwaimbia. Sehemu ya pili ni nyumba ya kisasa, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Mfalme Mutara III Rudahigwa.

Majengo haya mawili yanasimulia badiliko kubwa. Wamisionari wa Afrika, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walifika katika ikulu ya Nyanza mwaka 1900. Mfalme Yuhi V Musinga hakukubali kubatizwa. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani, Askofu Léon Classe akiunga mkono hatua hiyo, na mwanawe Rudahigwa akatawazwa. Machifu wakabatizwa kwa wingi, na raia wakawafuata. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda wakfu kwa Kristo Mfalme.

Tungependa kuishia hapo kwa shangwe, lakini historia haikuishia hapo. Rudahigwa alifariki ghafla mwaka 1959, na ufalme ukafutwa mwaka 1961. Mjane wake, Malkia Rosalie Gicanda, Mkatoliki mchaji, aliuawa mjini Butare Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengi wa walioua na wengi wa waliouawa walikuwa wabatizwa. Baadhi waliuawa ndani ya makanisa. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake katika maafa hayo.

Je, Ubatizo ule ulikuwa bure? Hapana. Sakramenti ni kazi ya Mungu, na walikuwapo Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao. Lakini katika falsafa tunajifunza kutofautisha sababu na matokeo. Mtu anayebatizwa kwa sababu chifu amebatizwa amepokea neema ya kweli, ila bado anahitaji kufundishwa kwamba jirani wa kabila lingine ni ndugu yake. Kazi hiyo haifanywi na amri ya mfalme. Inafanywa na wazazi, makatekista, jumuiya ndogondogo na mapadre.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre, tunapofurahia idadi ya wabatizwa katika Mkesha wa Pasaka, tujiulize pia: nani atawatembelea baada ya Pasaka?