Mtungi wa Kenya, jiko la Kigali: hesabu ya gesi kwa dereva aliyekwama Gatsata

GATSATA, Kigali

Ukitoka stendi ya Nyabugogo ukashika barabara ya Gatuna, hata hujatulia kwenye kiti, harufu ya grisi na rangi ya kupuliza inakupokea. Hapo ni Gatsata. Kuna gereji, maduka ya spea, mafundi wa kuchomelea na malori yaliyofunguliwa matumbo yakisubiri kifaa kutoka mbali. Lori likianza kugoma ndani ya Rwanda, wazo la kwanza la dereva ni kulisukuma hadi lifike hapa.

Nilikwenda kuuliza habari za bei ya spea. Nikarudi na habari za gesi ya kupikia.

Kando ya lori moja lenye namba za Kenya, gia boksi ilikuwa imelazwa juu ya gunia. Dereva, mtu wa makamo aliyeomba nisimtaje kwa kuwa tajiri wake hapendi mambo ya gari lake yaandikwe, alikuwa amekaa juu ya ndoo akiutazama mtungi wa kilo 6 kana kwamba umemtukana. Ilikuwa siku yake ya tisa Gatsata. Gesi ilikuwa imekwisha siku ya nne. Alikuwa ameupeleka mtungi huo dukani akiwa na fedha taslimu za Rwanda mkononi. Muuzaji akaugeuza, akasoma jina lililoandikwa, akamrudishia kwa upole. Duka la pili likawa vilevile. Tangu hapo yeye na utingo wake walikuwa wakila kwenye vibanda, na posho ya safari ikiyeyuka mbele ya macho yao.

Muuzaji hakuwa na roho mbaya. Ndivyo biashara hii ilivyo. Unaponunua gesi mara ya kwanza unalipia vitu viwili: gesi yenyewe, na chuma kilichoibeba. Kile chuma kinaendelea kuwa na jina la kampuni iliyokijaza, na ni hiyo inayotakiwa kukikagua, kukijaza na kukibadilisha. Kampuni ya Kigali ikipokea mtungi wa kampuni ya Mombasa, haina ruhusa ya kuujaza wala gari la kuurudisha kwao. Kwa hiyo mtungi uliokuwa mali pale Mariakani, ukivuka Malaba kisha Gatuna, unageuka mzigo.

Hata vipimo haviafikiani. Mkenya amezoea mtungi wa kilo 6 na wa kilo 13. Mtanzania anajua wa kilo 6, 15 na 38. Hapa Rwanda utakuta wa kilo 6, 12, 15 na 20. Kilo 6 ndiyo lugha pekee tunayozungumza wote, na hata hapo vichwa vya mitungi vinatofautiana: regyuleta inayokaa sawasawa kwenye valvu moja inacheza kwenye nyingine, kwa tofauti ya milimita chache tu. Milimita hizo ndizo zinazovujisha gesi. Anayefunga kwa kamba ya mpira ili ikae anajitafutia moto.

Kenya ilijaribu kutatua jambo hili ndani ya mipaka yake. Kanuni za mwaka 2009 ziliweka valvu ya aina moja na kulazimisha makampuni kubadilishana mitungi, ili mwenye mtungi wa rangi yoyote apate gesi kwa muuzaji yeyote. Wananchi walifurahi. Lakini wajazaji wasio na leseni nao walifurahi, maana mtungi ulipokuwa wa kila mtu, ilikuwa vigumu kujua nani aliujaza mara ya mwisho na nani aliukagua. Mwaka 2019 kanuni mpya ziliondoa ulazima huo; sasa kubadilishana ni kwa makubaliano kati ya makampuni yenyewe. Ikiwa nchi moja yenye mamlaka moja ya nishati imesumbuka hivyo, mtu asitarajie kwamba RURA ya Rwanda, EWURA ya Tanzania, EPRA ya Kenya na wizara ya nishati ya Uganda watalimaliza kwa kikao kimoja cha Arusha.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Dereva aliyekataliwa na maduka mawili huelekezwa kwa mtu wa tatu, asiye na duka, anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira. Wa Gatsata aliniambia alielekezwa, akafika mlangoni, akageuka. Aliikumbuka Embakasi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka katika kituo cha kujazia mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. EPRA ilieleza baadaye kwamba maombi ya kibali cha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka uliotangulia.

Mtungi hautakiwi kujaa zaidi ya asilimia 80 kwa gesi iliyo maji. Nafasi inayobaki ni ya kutanukia, kwa sababu gesi hiyo ikipata joto huvimba. Anayejaza gizani bila mizani hajui amefika asilimia ngapi. Mtungi huo ukiwekwa kwenye boksi la bati ubavuni mwa lori, jua la mchana likawaka, yaliyobaki ni bahati.

Basi wenye uzoefu wa njia hii wanafanyaje? Kwanza wanapima kabla ya kuondoka. Kwenye shingo ya mtungi kumegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukiweka mtungi kwenye mizani ile ile unayopimia maharage, ukasoma kilo 9.7, na shingoni pameandikwa 7.2, una kilo 2.5 za gesi. Asiye na mizani amwage maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha apitishe kiganja: sehemu inayobaki baridi ndiyo yenye gesi. Kuutikisa na kusikiliza, ambako wengi tunakupenda, hakukuambii kitu cha maana.

Halafu wanahesabu siku. Jiko dogo la kuketi juu ya mtungi linakula kiasi cha robo kilo kwa siku kwa watu wawili wanaopika saa moja na nusu hivi. Mtungi uliojaa kilo 6 unawapa wiki tatu na siku chache. Kutoka Mombasa hadi Kigali ni kilomita zipatazo 1,700, na kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo ni kama 1,500. Kwa mwendo wa barabara peke yake gesi inatosha kwenda na kurudi. Kinachoimaliza ni kusimama. Waliokuwa barabarani Mei 2020 hawajasahau foleni ya Malaba iliyonyooka makumi ya kilomita wakati wa vipimo vya corona, na waliokuwa wakitumia Gatuna wanakumbuka ulivyofungwa Februari 2019 hadi Januari 31, 2022, malori yakizungushwa Kagitumba. Dereva mmoja mzee wa njia ya Rusumo alinipa kanuni yake: hesabu siku za safari, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya mpaka na gereji.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani hulishangaa wakifika huku. Maharage yaliyoiva kwa saa moja na nusu Mombasa, Kigali yanagoma. Si maharage mabaya. Kigali iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moto ukiwa mkubwa hauyafanyi maji yawe moto zaidi, unachoma gesi tu. Dawa ni kuloweka tangu usiku, kufunika sufuria, na yakianza kulainika kuizima na kuifunga sufuria kwa blanketi zito. Utingo niliyemkuta Gatsata huchemsha maji mara moja tu alfajiri na kuyatia kwenye chupa ya chai mbili. Hawashi jiko tena mpaka jioni.

Wala asipike ndani ya kabini, hata mvua ikinyesha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hulala chini, miguuni na chini ya kitanda, ikisubiri kiberiti. Moto wenyewe nao katika chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu.

Shida hii si ya Afrika peke yake. Ulaya, ambako familia huzunguka miezi kadhaa kwa magari yenye vitanda na jiko ndani, nchi nyingi zinatumia sarafu moja lakini mitungi ya Ufaransa haibadilishwi Hispania wala ya Ujerumani Italia. Wasafiri wengi hununua mtungi mdogo wa Campingaz, unaopatikana nchi nyingi ingawa bei yake kwa kilo ni kubwa. Wenye safari ndefu hufunga tangi la kudumu la kujazwa kwenye vituo vya magari, na bado wanabeba vichwa vya kuunganishia vya aina nne kwa sababu pampu hazifanani.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani anayefikiria kupata faida hapo katikati, tahadhari. Mtungi mmoja wenye jiko lake juu ni chombo cha safari. Mitano iliyojaa ni bidhaa, tena ya hatari, na inahitaji leseni. Utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha na zinazotoka nchi za Jumuiya; gesi ya mitungi yetu huja kwa meli kutoka nje.

Lakini ipo kazi ndogo ambayo haihitaji kikao cha Arusha. Dereva yule mzee wa Rusumo ana mitungi miwili. Wa Tanzania anauacha kwa mama mmoja mwenye duka upande wa kwao, jina lake likiwa limeandikwa kwa rangi. Akivuka anachukua wa Rwanda kwa muuzaji mwingine, anautumia, anaurudisha akitoka. Anawalipa wote wawili kidogo. Kwa maoni yangu, kila mpaka wenye kituo kimoja cha pamoja cha forodha ungeweza kuwa na stoo ya namna hiyo, yenye kivuli, uzio na risiti.

Nilimweleza habari hizo dereva wa gia boksi. Akasikiliza, akauliza Katuna kuna nani anayemjua. Fundi akamwita wakati huo huo: kifaa kilikuwa kimefika, kesho wangefunga. Akamtuma utingo akanunue mkaa wa jioni hiyo, na ule mtungi akaufunga kwa kamba nyuma ya kiti, mtupu, kuurudisha Mombasa.