Gwenllian Binti Nani?

Wageni huyatazama majina ya Wales wakasema hayatamkiki kwa kuwa hayana irabu. Si kweli. Katika Kiwelisi, w na y nazo ni irabu. Na zile l mbili za Gwenllian? Weka ulimi kana kwamba unataka kusema l, kisha upitishe pumzi kando yake. Anayekataa hata kujaribu, akamwita msichana wa watu "Gwen" tu, amemvunjia heshima.

Gwen ni nyeupe, au yenye heri. Sehemu ya pili huhusishwa na kitani. Lakini uzito wa jina hili umetoka kwa waliolibeba. Mwaka 1136 Gwenllian binti Gruffydd aliongoza jeshi dhidi ya Wanormani karibu na Kidwelly, akauawa. Mahali pale panaitwa Maes Gwenllian hadi leo. Mwingine alizaliwa mwaka 1282. Mama yake akafa kwa uzazi, na Desemba ya mwaka uleule baba yake, mtawala Llywelyn, akauawa. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akamfungia mtoto huyo katika nyumba ya watawa ya Sempringham, asije akazaa warithi. Akaishi humo mpaka kufa, mwaka 1337.

Lakini mimi ninalolililia ni neno ferch, yaani binti wa. Zamani Mwelisi hakuwa na jina la ukoo. Mwanamume alikuwa fulani ap fulani, yaani mwana wa. Mwanamke alikuwa fulani ferch fulani, kama huku pwani tusemavyo Mwanaisha binti Salim. Baada ya sheria za 1536 na 1542 zilizoiunganisha Wales na Uingereza, majina ya ukoo yakazidi kuenea. Ap ilisalimika: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell. Ferch haikusalimika. Binti naye akaitwa Price, mwana wa kiume wa Rhys! Hapo mwanamke aliporwa.



Mwaka 2009 kilele kimoja cha milima ya Carneddau kilipewa jina la Carnedd Gwenllian, kumkumbuka yule wa Sempringham. Wapo pia wanaoirudisha ferch. Ndugu zetu mlioko Cardiff, mkikutana na mwanamke aliyejiandika hivyo, msidhani ni jina la kati. Mwiteni kwa jina lake na la baba yake.