Umelipa arbuni, mwenye nyumba hashiki simu

Mpenzi msomaji, hebu tuseme umeipata. Baada ya miaka ya kuhamahama na virago, leo Tudor, kesho Majengo, dalali amekupeleka Kibokoni akakuonyesha nyumba ya ghorofa moja yenye kuta nene za mawe na chokaa, mlango wa nakshi na roshani inayotazama kichochoro. Watoto wameanza kugombania roshani. Mwenyewe, mzee mpole wa kanzu na kofia, amekukaribisha kahawa chungu na haluwa. Mmepatana bei, ukatoa arbuni, mkapeana mikono.

Kisha kimya.

Simu inaita mpaka inakatika yenyewe. Ujumbe wako unaonyesha alama mbili za buluu, kumaanisha umesomwa, lakini jibu hakuna. Ukienda mwenyewe ukapiga hodi, binti anachungulia dirishani: "Baba hayuko, katoka. Rudini baada ya laasiri." Baada ya laasiri unaambiwa yuko msikitini. Wiki ijayo yuko Malindi mazikoni. Mwezi ujao amekwenda Maskati kwa mwanawe, na siku ya kurudi haijulikani. Dalali naye, aliyekuwa akikupigia simu mara tatu kwa siku, sasa anakuambia "inshallah" na kukata.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba wametapeliwa. Huenda ikawa kweli, kwani matapeli wamo. Lakini katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwa maoni yangu, kimya cha namna hii mara nyingi kina sababu nyingine: mzee aliyekuuzia hana uwezo wa kuuza peke yake, naye anaona haya kukuambia.

Sikiliza kwa nini. Nyumba nyingi katika mitaa hiyo zilijengwa na mababu. Aliyejenga amefariki zamani, lakini jina lililomo katika hati bado ni lake. Mzee wa kahawa ni mmoja tu wa warithi. Chukua mfano mwepesi: marehemu ameacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, nyumba hiyo ina mafungu 64. Mke huchukua 8, ambayo ndiyo thumni yake. Kila mwana wa kiume huchukua 14, na kila binti 7. Basi mzee wako ana mafungu 14 katika 64. Hata robo ya nyumba haijafika! Na huo, nimesema, ni mfano mwepesi. Mwana mmoja akifa kabla ya kugawanya, fungu lake humwendea mjane wake na watoto wake, na mafungu yakazidi kukatwakatwa. Nyumba iliyokaa vizazi vitatu bila kugawanywa inaweza kuwa na wenyewe thelathini: huyu Lamu, huyu Dubai, huyu London, na shangazi mmoja asiyesema na wenzake.

Sheria ya Urithi ya Kenya nayo haina mchezo. Hakuna anayeruhusiwa kuuza ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho huo husubiri miezi 6 tangu hati itolewe. Waislamu wengi hupeleka mambo hayo kwa Kadhi. Kwa hiyo, mwuzaji anayekukimbia tangu Machi mpaka Septemba huenda anangoja karatasi ambayo ingefaa akuambie habari zake siku ile ya haluwa. Usimwulize "lini?" kwani atakujibu "karibuni". Mwulize namba ya faili na mahakama lilipo. Namba hiyo mpe wakili wako aende akalitazame. Akikosa hata namba, basi umejua kwamba safari haijaanza.

Pengine mzee anauza kwa niaba ya ndugu yake aliye Ghuba, na anakuonyesha hati ya uwakala. Isome vizuri. Je, imesajiliwa? Inataja kuuza, au inataja kukusanya kodi tu? Na aliyeitoa yu hai? Mwenye mali akifariki, uwakala wa kawaida hufa pamoja naye, hata kama karatasi ingali mpya na muhuri unang'ara.

Jambo jingine ni ardhi yenyewe. Sisi wa Mombasa tuna desturi inayowashangaza wageni kutoka bara, nayo ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe humlipa ijara. Asili yake ni ndefu. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 wa Pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye kudai ardhi waje wathibitishe. Waliothibitisha walipewa hati, na wengi wasiofika wakajikuta wapangaji mahali walipozaliwa. Majengo imejaa nyumba za namna hii, na hata ukiwa Mji wa Kale ni lazima uulize. Ami yangu aliinunua moja Majengo akidhani amenunua kila kitu, mpaka siku wakala wa mwenye ardhi alipobisha mlango na daftari la ijara ya miaka tisa. Aliilipa yote, maskini, na aliyemwuzia hakuonekana tena.

Aidha, kuna wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, iwe ni kwa ajili ya msikiti au kwa kizazi cha mweka wakfu. Mzee anaweza kuwa ameishi humo miaka 60 kwa haki kabisa na bado asiwe na cha kukuuzia.

Halafu yapo madogo yanayomfanya mtu kunyamaza: reti za kaunti ambazo hazikulipwa tangu zamani, mke ambaye hajakubali kutia sahihi, au kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023 na kumkuta mwuzaji hana habari. Wengine wamepata mnunuzi wa bei nzuri zaidi, na wanatumaini utachoka.

Sasa ufanye nini?

Kwanza tazama ulitia sahihi nini. Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na yawe na shahidi. Kama ulichonacho ni kupeana mikono na risiti ya dalali, hali yako ni dhaifu, na kazi ya kwanza ni kuomba mkataba wa kweli, si kuongeza pesa. Nasisitiza hilo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Ghafla simu inashikwa! Mzee anahitaji kidogo tu, nauli ya kumfuata dada yake Lamu akatie sahihi, au pesa za kumaliza reti. Kama ni reti, lipa mwenyewe kaunti, risiti iandikwe namba ya kiwanja, na barua itiwe sahihi kwamba kiasi hicho kitatolewa katika bei. Nauli, mwache ajitafutie.

Arbuni, ambayo aghalabu ni asilimia 10, haifai kukaa mfukoni mwa mwuzaji. Mkataba useme itashikwa na wakili mpaka uuzaji ukamilike. Kama umeshaitoa mkononi, andika barua leo, utaje tarehe na kiasi, na uweke nakala.

Pili, nenda ofisi ya ardhi. Omba upekuzi rasmi wa hati ujue jina lililomo. Kisha, ukiwa na mkataba, mwambie wakili aweke kizuizi juu ya hati hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mnunuzi mwenye mkataba ruhusa ya kuomba hivyo. Kizuizi hakikupi nyumba, lakini kinamzuia mzee asimhamishie mwingine huku wewe unangoja. Nimeona kizuizi kikifanya kazi ambayo simu mia hazikuifanya. Mwuzaji aliyekuwa Maskati alirejea ndani ya wiki mbili.

Tatu, ilani. Mikataba mingi hufuata masharti ya uuzaji ya Chama cha Mawakili cha Kenya, ambayo yanampa aliyechelewa ilani ya siku 21 kukamilisha. Hapa pana mtego, msomaji. Anayetoa ilani lazima naye awe tayari. Kama mkopo wako wa benki haujaidhinishwa, au barua ya benki imekwisha muda wake huku ukingoja, au hujaweka akiba ya ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, ilani yako itarudishwa na kicheko.

Siku hizo zikipita bure, una njia mbili: kudai arbuni yako na riba, au kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kumlazimisha auze. Hiyo ya pili ni ndefu, na haina maana kama mzee hana ila mafungu 14 katika 64. Mahakama haiwezi kumwamuru akupe cha dada zake. Hapo, kwa maoni yangu, ni heri uwatafute hao dada. Nenda na mtu mzima wa familia yako, mkae kitako na bi mkubwa wa nyumba, mwambieni mmetoa kiasi gani na tangu lini. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kusikia.

Wakati huo wote nyumbani maisha yaendelee. Usimpe ilani mwenye nyumba unakopanga. Usiwahamishe watoto shule. Wala usianze kupaka chokaa au kubomoa ukuta Kibokoni ati ufunguo umeshapewa, kwani utakuwa unatengeneza nyumba ya mtu, na tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kubadilisha roshani au mlango kunataka kibali.

Na akija siku moja mwenyewe, ameinamisha kichwa, akakuambia ndugu zake wamekataa na anakurudishia pesa zako, pokea bila matusi, na mwandikiane. Ila kile kizuizi kiache mahali pake mpaka pesa zionekane katika akaunti. Hundi peke yake haitoshi.