Mufuko wa wazee mukononi mwa patroni: hadisi ya gazeti Mirror la London

Kila mwisho wa mwezi, wakati tunapokea fishi ya mushahara, kuna mustari mumoja wenye wengi wetu hatusomi. Macho yanashuka mbio mupaka chini, fasi jumla iko. Lakini ule mustari uko pale, hauendi konji: ni feza yenye wanakata kwa ajili ya pensioni. Siku moja tulikuwa kwa mukutano kwenye kampi, na mama mumoja alisimama akatuuliza ulizo lenye lilitunyamazisha wote: «Bandugu ba sendika, ile feza banakata baba ya batoto, inalala wapi? Na funguo iko na nani?»

Leo hatutajibu kwa mambo ya hapa kwetu. Tutawaeleza hadisi ya wafanyakazi wengine, wa mbali, wenye hawakuchimba shaba wala kobalti. Wao walikuwa wanaandika na kuchapisha gazeti katika muji wa London. Wao pia walikatwa feza kila mwezi kwa ajili ya uzee wao. Na wao pia waliamini kama sanduku iko na mulinzi. Kumbe mulinzi na mwizi walikuwa mutu mumoja.

Gazeti lenye kupita mukono kwa mukono

Gazeti lenyewe linaitwa Daily Mirror, ni kusema Kioo cha Kila Siku. Lilianza tarehe 2 Novemba 1903. Mwenye kulianzisha alikuwa tajiri wa magazeti, Alfred Harmsworth, na alitaka likuwe gazeti la wanamuke, lenye kuandikwa na wanamuke. Halikuuzwa. Mwanzo wa 1904 akaligeuza kuwa gazeti la picha, na hapo watu wakaanza kulinunua. Kiisha likaenda kwa ndugu yake Harold, mwenye alikuwa na jina la heshima Lord Rothermere.

Huyu Rothermere, katika mwaka wa 1934, alitumia magazeti yake kusifu kundi la wafashisti wa Uingereza, wale wa mashati meusi. Lakini gazeti halikubaki pale. Kuanzia ile miaka, Mirror lilianza kusema na watu wa kazi: wachimba makaa ya mawe, watu wa viwanda, waaskari na wake zao. Katika uchaguzi wa 1945 lilikuwa upande wa chama cha Labour, chama chenye masendika yalizaa. Katika miaka ya 1960, lilikuwa linauzwa zaidi ya nakala milioni 5 kila siku. Hakuna gazeti lingine la kila siku kule lenye lilikuwa linalipita.

Katika mwaka wa 1963 gazeti likaingia ndani ya kampuni kubwa yenye kuitwa IPC. Mukubwa wake alikuwa Cecil King, mutoto wa dada ya Harmsworth. Mwezi wa 5 wa 1968, King akaandika kwa ukurasa wa kwanza, kwa jina lake mwenyewe, kama Waziri wa Kwanza Harold Wilson anapashwa kuondoka. Siku hazikupita nyingi, mwezi ule ule, konsei ya kampuni ikakaa na ikamuondoa King mwenyewe. Muweke jambo hili kwa kichwa, tutalirudilia: wakati ule kulikuwa watu kwa meza wenye wangeweza kumwambia mukubwa «hapana».

Katika mwaka wa 1970 kampuni ya karatasi, Reed, ikachukua IPC yote. Na katika 1984 Reed ikachoka na magazeti, ikatafuta kuyauza. Ilisema haitauzia mutu mumoja peke yake. Lakini feza ilisema kwa sauti kubwa kuliko ile ahadi. Tarehe 13 Julai 1984, Mirror na ndugu zake wote waliuzishwa kwa mutu mumoja, pauni milioni 113. Jina lake Robert Maxwell. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa kwa mugomo tangu mwezi wa 3, na gazeti lenye wengi kati yao walikuwa wanasoma likapata patroni mupya.

Mutoto wa kijiji cha chumvi

Hatutaki kusema Maxwell alizaliwa mubaya. Alizaliwa maskini. Ilikuwa 1923, katika kijiji cha Slatinské Doly, kule Tchécoslovaquie ya wakati ule. Leo ni Ukraine. Ni fasi ya migodi ya chumvi. Ndiyo, bandugu: mutoto wa kampi, kama watoto wetu. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi, na wengi kati yao waliuawa na Wanazi. Yeye aliponyoka, akaingia jeshi la Uingereza, akapigana vizuri mupaka akapewa medali ya ushujaa katika 1945.

Kiisha vita akaingia kwa biashara ya vitabu vya sayansi, na kampuni yake Pergamon ikakomea. Kuanzia 1964 mupaka 1970 alikuwa mubunge wa Labour. Lakini katika 1969 alitaka kuuzia Waamerika Pergamon, na wanunuzi wakakuta hesabu hazisimame. Serikali ikatuma wakaguzi. Katika ripoti yao ya 1971 walisema wazi kama huyu hastahili kuaminiwa kuongoza kampuni yenye aksio zake zinauzishwa kwa watu wote.

Musome tena ule mwaka: 1971. Wakati ananunua Mirror ni 1984. Onyo lilikuwa limeandikwa kwa karatasi ya serikali miaka 13 mbele. Banki zilijua. Wauzaji walijua. Hata hivyo zikamukopesha, na wakamuuzia.

Namna sanduku ilifunguliwa

Maxwell hakutosheka na Mirror. Katika 1988 alinunua kampuni kubwa ya vitabu ya Amerika, Macmillan, kwa zaidi ya dolari miliari 2 na nusu. Katika 1991 akaongeza gazeti Daily News la New York. Macmillan aliinunua kwa deni. Wakati faida ilishuka na banki zikaanza kudai, akatafuta feza fasi yenye ilikuwa karibu na mukono wake. Na yenye ilikuwa karibu ni mufuko wa pensioni ya wafanyakazi.

Alifanya namna gani? Hapa watu wengi wanapotea, basi tufasirie pole pole.

Mufuko wa pensioni hauko rundo la feza ndani ya sanduku. Ile feza inanunua aksio za kampuni nyingi, ili ikomee. Aksio za mufuko wa Mirror zilikuwa zinachungwa na kampuni moja yenye kuitwa Bishopsgate Investment Management. Na mukubwa wa Bishopsgate alikuwa nani? Maxwell. Mukubwa wa wale wenye kuangalia mufuko kwa niaba ya wafanyakazi? Maxwell tena. Na patroni wa gazeti? Paka Maxwell.

Basi Bishopsgate ikatoa aksio za wazee, ikaandika kama «imezikopesha» kwa kampuni za Maxwell mwenyewe. Zile kampuni zikapeleka aksio kwa banki, zikaziweka rehani, na zikapewa mukopo. Feza ingine ya mufuko ilinunua aksio za kampuni zake, ili bei isianguke sokoni.

Ni sawa vile unaachia jirani kinga yako aichunge. Yeye anajiandikia barua kama umemukopesha. Anaipeleka kwa mwenye kukopesha feza, anaiweka rehani, anakunywa zile makuta. Siku unarudi, kinga iko kwa mutu mwenye haukujuana naye, na anakuonyesha karatasi zenye sahihi.

Watu hawakunyamaza wote. Wastaafu wa Mirror walikuwa wanauliza maulizo kuhusu mufuko wao. Waandishi wengine pia walichimba. Lakini Maxwell alikuwa na wavoka wengi. Mutu akiandika neno, anaitwa mahakamani. Katika 1986 alishinda kesi juu ya gazeti dogo la kuchekesha, Private Eye, na likalipa. Wengine wakaona, wakaogopa. Kampuni yenye kazi yake ni kuandika habari, habari ya ndani yake mwenyewe haikuweza kuandikwa.

Tarehe 5 Novemba 1991

Asubuhi ya siku ile Maxwell alikosekana ndani ya mashua yake ya fahari, karibu na visiwa vya Canaries. Maiti yake ilikutwa kwa maji. Alikuwa na miaka 68. Kesho yake Mirror lilimusifu kwa ukurasa wa kwanza kama mutu mwenye aliokoa gazeti. Alizikwa Yerusalemu, na wakubwa wa inchi walikuwa kwa maziko.

Mwezi haukuisha vizuri, ukweli ukaanza kutoka. Katika Desemba kila mutu alijua: karibu pauni milioni 440 hazikuwa tena ndani ya mifuko ya pensioni ya kampuni zake. Watu 32,000 hivi waliguswa. Hawa si mabosi. Ni wachapishaji wenye vidole vyeusi vya wino, madereva, waandishi, na wajane wao. Mutu alikuwa amefanya kazi miaka 30, akahesabu siku, na sasa wanamwambia kama hawajue atalipwa na nani.

Hapa kuna kitu cha kujifunza. Wale wazee hawakubaki paka kulia nyumbani. Walijipanga, wakaenda kwa Bunge, wakagonga kwa kila mubunge. Katika 1992 kamati ya Bunge, chini ya Frank Field, ilichunguza jambo lote mbele ya watu. Serikali ikaweka mufuko wa musaada ili pensioni zisikatike mara moja. Na katika 1995, kiisha mabishano marefu, banki na wengine wenye walikuwa wamegusa zile aksio walikubali kulipa pauni milioni 276.

Watoto wawili wa Maxwell, wenye walikuwa wanafanya naye kazi, walipelekwa mahakamani. Katika Januari 1996 mahakama iliwaona hawana kosa, na tunapashwa kusema hivyo pia. Katika 2001 wakaguzi wa serikali walitoa ripoti yao ya mwisho. Walisema mwenye kubeba kosa la kwanza ni Maxwell mwenyewe, lakini hawakuacha nyuma wale wenye walimusaidia, wenye walifumba macho na wenye walikuwa na kazi ya kukagua.

Na gazeti? Aksio za Maxwell zilibaki mukononi mwa banki. Mukuu mupya akaingia katika 1992, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi: walilipa mara mbili. Katika 1999 Mirror likaungana na kampuni Trinity. Katika 2018 ile kampuni ikanunua magazeti ya Express na ikajipa jina mupya, Reach. Patroni wanapita. Jina linabadilika kwa mulango. Mwenye hana jina kwa mulango ni yule mwenye alikatwa feza.

Sheria yenye ilizaliwa na maumivu

Kwa sababu ya ile kelele ya wazee, Uingereza ilitunga sheria mupya ya pensioni katika 1995. Ilisema angalau mumoja kwa tatu kati ya wale wenye kuangalia mufuko achaguliwe na wafanyakazi na wastaafu wenyewe, hapana na patroni. Iliweka ofisi ya kuchunga mifuko yote. Iliweka pia malipo kwa wale wenye kuibiwa. Katika 2005 kukaongezwa mufuko mukubwa wa kulinda pensioni kama kampuni imeanguka.

Haya mambo hayakutoka kwa huruma ya mutu. Yalitoka kwa watu wenye walibaki wima na karatasi zao mukononi.

Bandugu, sisi hatuandike hii ili muogope kila patroni. Tunaiandika juu tumeona kama wizi wa Maxwell haukuanza na bunduki wala na usiku. Ulianza siku moja mutu alipewa viti vitatu kwa wakati mumoja: kiti cha mwenye kulipa, kiti cha mwenye kuchunga, na kiti cha mwenye kukagua. Cecil King katika 1968 alikuta watu kwa meza wenye wangeweza kumusimamisha. Maxwell hakukuta mutu.

Kwa hiyo, kwa mukutano ujao, kila mutu alete fishi yake, hata ya zamani, na tuulize wadelege wetu maulizo mane:

Feza yenye tunakatwa kila mwezi inafika kweli kwa mufuko, na karatasi ya kuonyesha iko wapi?

Nani anakaa kwa meza ya ule mufuko, na nani alimuchagua?

Ni nani anakagua hesabu, na analipwa na nani?

Mara ya mwisho wafanyakazi walisomewa zile hesabu kwa luga yenye wanasikia, ilikuwa mwaka gani?

Wamama pia wakuje. Yule mama wa kampi ni yeye alianza, na ulizo lake bado halijajibiwa.