GARI KUUKUU HUSEMA KWA MOSHI



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike habari za magari, maana, kama walivyoniambia wenyewe, "wewe ndiye unayeonekana kila Jumamosi uvunguni mwa gari." Ombi nimelipokea, ingawa ufundi sikuusomea. Nimelipokea kwa sababu mwezi wa Januari 2022 gari langu nusura linitie msiba, na nimeona kunyamaza si vizuri wakati jamaa wengi hapa Stockholm wanaendesha magari yenye umri kama langu.

Langu ni Volvo 240 stesheni wagoni ya mwaka 1986, yenye kabureta. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa tangu 1974 hata 1993, zaidi ya milioni mbili na laki nane, na mpaka leo hukosi kuliona moja limeegeshwa Tensta au Skärholmen. Nataka ieleweke mapema kwamba yaliyolipata langu si makosa ya waliolitengeneza. Ni miaka, ni chumvi ya barabarani, na ni uzembe wa mwenye gari.

Safari ya Norrköping

Ilikuwa Jumamosi, baridi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Tulikuwa tunakwenda arusini Norrköping, mwendo wa kilomita kama 160 kusini ya Stockholm. Mbele tulikaa mimi na Mama Watoto. Katikati alikaa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, pamoja na vijana wawili. Nyuma kabisa, kwenye kile kiti kidogo kinachotazama mlikotoka, alikaa kitinda mimba wetu wa miaka saba na binamu yake. Watoto hukipenda mno kiti kile, maana huwapungia mkono madereva wanaowafuata.

Tulipopita Södertälje Mama Watoto akaniambia, "Baba Watoto, watoto wanasema vichwa vinawauma."

Nikamjibu, "Ni hizo peremende walizokula. Na hiyo hita."

Tulipokaribia Nyköping shangazi akageuka nyuma, akatazama, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, watoto hawa wamenyamaza mno. Watoto wazima hawanyamazi hivi."

Neno hilo ndilo lililonisimamisha. Nikatoka barabara kuu, nikafungua mlango wa nyuma. Kitinda mimba alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Nilipomwamsha akatapika. Tukawatoa wote wawili nje kwenye baridi, tukawafunika makoti, tukapiga simu 112. Hospitalini walipimwa damu, wakavalishwa vifuniko vya oksijeni. Jioni, alhamdulillahi, walikuwa wanadai chakula. Arusi hatukuiona.

Daktari alitueleza kwamba ile ni monoksidi ya kaboni, hewa inayotoka kwenye moshi wa injini. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata mwili ukakosa pumzi huku mtu anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Hufanana na mafua, ila homa haipo, na mtu akitoka nje hupata nafuu. Watoto huwahi kudhurika kwa sababu hupumua upesi kuliko sisi.

Usiku ule sikulala. Si kwamba gari halikuniambia. Lilinambia tangu vuli, mara tatu, na kila mara nililijibu kwa udhuru.

Mafunzo ya Gerezani

Marehemu mjomba wangu alikuwa na gereji Gerezani, Dar es Salaam, nami nikiwa kijana nilimshikia taa. Peugeot 404 ikiletwa, hakugusa chombo chochote mpaka amelizunguka gari mara mbili huku limewashwa. Alikuwa akisema, "Kwanza pua, kisha macho, kisha masikio. Spana ni ya mwisho, maana spana haina akili."

Hayo ndiyo niliyoyasahau, na ndiyo ninayotaka kuwapa. Gari lilipovutwa hadi Stockholm nilikodi nafasi katika gereji moja ya kulipia kwa saa, ambamo mtu hujitengenezea mwenyewe, nikaanza upya kama alivyonifundisha.

Tuanze na moshi, maana huo ndio ulimi wa injini.

Moshi mweupe wa asubuhi katika baridi usikutishe. Kila lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na hayo ndiyo unayoyaona yakitoka kama mvuke. Lakini ukiwa mzito, ukaendelea hata injini ikishapata moto, tena ukawa na harufu tamutamu, basi maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Usiendelee na safari.

Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: labda choki imenasa, au chujio la hewa limejaa vumbi, au kabureta inafurika.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa uliza unatoka wakati gani. Ukitoka mara moja tu unapowasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, shuku sili za valvu. Ukitoka kila unapopanda mlima kwa nguvu, shuku ringi za pistoni. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na gharama zake hazikaribiani.

Plagi nazo zina lugha. Zifungue uzitazame ncha. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Unyevu mweusi wa mafuta ni oili.

Jambo la kwanza: oili

Vuli ile niliona oili chini ya gari, mahali injini inapokutana na giaboksi. Gereji moja iliniambia sili ya nyuma ya krenki imekwisha na huenda ringi pia, na kwamba matengenezo yatafika krona 18,000. Fedha hiyo ilizidi thamani ya gari lenyewe. Nikaacha. Kila wiki nikawa naongeza oili tu, na nikisikia harufu ya kuungua ndani ya gari najiambia ni yale matone yanayoangukia bomba la moto. Tazameni jinsi harufu moja ilivyonifichia nyingine.

Kumbe oili haikuwa inavuja kwa sababu ya uzee wa injini tu. Kila pistoni inapofanya kazi, moshi kidogo hupenya pembeni mwa ringi ukaingia kule chini kwenye oili. Moshi huo lazima upate mahali pa kutokea, na katika injini hii hupitia kisanduku kilicho ubavuni, chini ya manifoldi, kisha hurudishwa kuunguzwa. Sisi tunaokwenda safari fupi fupi wakati wa baridi, dukani na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kukausha maji yake. Maji hayo huchanganyika na oili yakawa uji mweupe kama tui zito, na kisanduku huziba. Hapo pumzi ya injini hutafuta njia nyingine, nayo husukuma oili nje kwenye sili.

Kulipima jambo hili ni rahisi. Washa injini iungurume polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha vika mdomo wake glovu ya mpira, ile ya kuoshea vyombo. Ikinyonywa ndani, njia ni safi. Ikijaa upepo, imeziba. Yangu ilisimama wima, vidole vitano juu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni.

Nilinunua kisanduku kipya na mipira yake kwa krona mia kadhaa. Dimbwi likageuka tone moja moja, na mwaka uliofuata sili nikaibadilisha bila haraka.

Jambo la pili: petroli

Tarehe 1 Agosti 2021 petroli ya 95 katika vituo vya Sweden ilibadilishwa, ikaanza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10. Ile ya 98 huwa nayo hadi asilimia 5. Basi gari lilipoanza kula mafuta zaidi na kunuka petroli, nami nikapata udhuru tayari: "Ni hiyo petroli mpya." Kweli petroli hiyo huongeza ulaji, lakini kidogo tu. Langu lilikuwa limezidi kiasi.

Nilipofungua boneti kwa utulivu nikakuta mambo mawili. Chujio la hewa lilikuwa jeusi, na plagi zote nne zina masizi makavu. Pili, hozi ya mpira inayoingia kwenye kabureta ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu atembeaye pekupeku. Siilaumu petroli. Mpira ule ulikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Lakini ethanoli huushambulia mpira wa zamani, kwa hiyo mwenye gari kuukuu aangalie kwanza orodha ya mtengenezaji kama gari lake linaruhusiwa, na hozi azitazame kwa macho yake. Injini iwe baridi, sigara iwe mbali. Pitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungio. Karatasi ikilowa na kunuka, badilisha siku ile ile, maana petroli juu ya injini yenye moto haina msamaha.

Jambo la tatu: bomba la moshi

Hili ndilo lililotaka kutuulia watoto. Tangu Novemba nilisikia mvumo mpya chini ya sakafu. Nikapandisha sauti ya redio.

Nilipolipandisha gari kwenye jeki na vigogo nikakuta kiungio kilicho mbele ya sailensa ya nyuma kimeliwa na kutu, tundu la kuingia vidole viwili, na masizi meusi yametapakaa pande zote. Yale maji niliyoyataja hutulia ndani ya sailensa katika safari fupi, na sailensa ya nyuma ndiyo yenye baridi zaidi, kwa hiyo huoza kutoka ndani ilhali kwa nje bado nzima. Juu ya tundu, mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umekauka na kukatika pembeni. Gari lenye mgongo wa mraba likienda kasi huacha nyuma yake upungufu wa hewa unaovuta moshi urudi, na mlango usioziba huukaribisha ndani. Pale pale ndipo nilipowakalisha watoto.

Kujipima si kazi. Gari likiwa nje na lingali baridi, liwashe, vaa glovu nene, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache tu, na mwenzako asikilize chini. Bomba zima hubana na injini hutaka kuzimika. Bomba bovu hupiga mluzi hapo lilipotoboka. Kadhalika mlango wa nyuma: ufunge juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha.

Na tusipashe magari moto kwa kuyaacha yakiunguruma. Stockholm hairuhusu zaidi ya dakika moja, na ipo hita ya umeme ya injini, motorvärmare, inayofanya kazi hiyo bila moshi. Theluji ikirundikana nyuma ya gari, fukua mdomo wa bomba kabla ya kuwasha. Kaguzi za lazima za magari zipo hapa tangu 1965, nazo zina faida kubwa, lakini mkaguzi hukiona chombo siku moja. Siku zilizobaki ni zako.

Gari kuukuu si aibu

Vijana wetu wakati mwingine huona haya kupakiwa katika gari la zamani. Nawakumbusha mbio za Safari za mwaka 1965. Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Waswidi walikuwa wamekuja nayo katika mbio za 1964 na kuiacha. Joginder alikuwa fundi. Aliichukua mitumba, akaitengeneza kwa mkono wake, akawaacha nyuma wenye magari mapya.

Gari langu bado liko barabarani. Bomba lote ni jipya na mpira wa mlango pia. Norrköping tumekwenda mara nyingi tangu hapo, na maarusi wale walitusamehe. Shangazi bado hukaa katikati na bado hugeuka nyuma kila baada ya muda kuwatazama watoto. Kitinda mimba amekua, kile kiti cha nyuma hakimtoshi tena, lakini kabla sijaingiza gea huuliza, "Baba, umesikiliza?" Nami huzima redio, nikafungua kioo, nikasikiliza.

Mwenye gari linalonuka, linalovuma au linalodondosha asione taabu kunijia Jumamosi. Glovu ya mpira ninayo. Yeye aje na chupa ya chai.

Nawatakieni nyote safari njema.