Kemia: Molekuli ya kulia na molekuli ya kushoto

Kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896, tuzo nyingi zenye jina lake hukabidhiwa mjini Stockholm, Sweden. Mwaka 1975 tuzo ya kemia walipewa wawili: John Cornforth, mzaliwa wa Australia, na Vladimir Prelog, aliyezaliwa Sarajevo mwaka 1906 na kufanya kazi Zürich, Uswisi. Wote walichunguza jinsi atomu za molekuli zinavyojipanga.

Wanafunzi wa kemia humjua Prelog zaidi kwa kanuni aliyoitunga pamoja na Waingereza Robert Cahn na Christopher Ingold, na ambayo watatu hao waliifafanua kwa kina mwaka 1966. Kanuni hiyo hujibu swali moja: molekuli mbili zinazofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto zitatofautishwaje kwa jina?

Mpangilio wa vyeo

Atomu ya kaboni inaweza kushika makundi manne. Yakiwa tofauti yote, hupangwa kwa cheo. Atomu iliyoshikwa moja kwa moja na yenye namba kubwa ya atomiki hutangulia: oksijeni, yenye namba 8, huipita nitrojeni yenye 7, nayo huipita kaboni yenye 6. Haidrojeni, yenye 1, kwa kawaida huwa ya mwisho.

Kundi la mwisho huelekezwa mbali na mtazamaji. Kutoka la kwanza hadi la tatu, mzunguko ukifuata mishale ya saa, molekuli huitwa R. Ukienda kinyume, huitwa S.

Atomu za kwanza zikilingana, hutazamwa zile zinazofuata, moja baada ya nyingine kuanzia iliyo kubwa. Namba hazijumlishwi. Oksijeni moja yenye haidrojeni mbili hushinda kaboni tatu, kwa kuwa tofauti ya kwanza ndiyo huamua.

Kifungo maradufu

Wengi hukwama hapa. Kaboni iliyofungwa na oksijeni kwa kifungo maradufu huhesabiwaje? Jibu ni kwamba kila upande wa kifungo hupewa nakala ya atomu ya upande wa pili. Kaboni huhesabiwa kuwa na oksijeni mbili, na oksijeni kuwa na kaboni mbili. Kifungo cha mara tatu huleta nakala mbili kila upande. Nakala hizo ni za hesabu tu, na zinapofuatwa mbele zaidi huhesabiwa kushika atomu za kubuni zenye namba 0.

Chukua gliseraldehidi, sukari ndogo kabisa. Kundi lake la aldehidi lina oksijeni, nakala ya oksijeni na haidrojeni. Kundi la alkoholi lililo jirani lina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Oksijeni ya kwanza zinalingana. Ya pili huipa aldehidi ushindi. Bila nakala hiyo, aldehidi ingeshindwa.

Nanaa na kisibiti

Nchini Sweden kisibiti hutiwa katika mikate na katika kileo cha akvavit. Harufu yake hutokana na kavoni ya aina ya S. Kavoni ya R, pacha wake, ndiyo harufu ya nanaa.

Kaboni inayowatenganisha imeshika haidrojeni, mikono miwili ya pete, na tawi dogo lenye kifungo maradufu. Kwa sababu ya nakala, tawi huhesabiwa kaboni tatu, nalo hushika nafasi ya kwanza. Mikono ya pete hulingana, kila mmoja ukiwa na kaboni moja na haidrojeni mbili. Hatua inayofuata, mkono mmoja hufikia oksijeni mbili na kaboni moja, mwingine kaboni mbili na haidrojeni moja. Wenye oksijeni huwa wa pili.

Herufi na mgonjwa

Pua hutambua tofauti hiyo, na mwili vilevile. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu zinazotumika Afrika Mashariki, hutolewa kwa umbo la S,S. Pacha wake wa R,R ana uwezo mdogo mno dhidi ya bakteria. Kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru macho, kumpa mgonjwa pacha asiyetibu ni kumwongezea hatari bila faida. Herufi hizo mbili humweleza mtengenezaji, popote alipo, ni pacha yupi anayetakiwa.