Je, Wajua? Dirisha la Kusomea Msimbo, Karatu hadi Endulen

Je, wajua kwamba mjamzito akipimwa Endulen, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, au kwenye zahanati yoyote ya Karatu, hesabu yake huishia kwenye programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu? Daftari la MTUHA, la takwimu za huduma za afya, hujazwa kwa kalamu, takwimu zikajumlishwa, kisha zikaingizwa kwenye programu hiyo, DHIS2. Hadi kufikia 2013 mfumo huo ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, uratibu uko Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo miongoni mwa wanaouendeleza. Kijana wa Karatu anayejifunza kuandika programu ana haki ya kuufungua na kuusoma. Anachohitaji ni dirisha.

Je, wajua dirisha lenyewe ni nini? Msimbo hukaa kwenye hazina, yaani folda inayokumbuka kila badiliko: nani kalifanya, lini, kwa sababu gani. Programu ndogo ya wavuti huigeuza hazina hiyo kuwa kurasa zinazosomeka kwenye kivinjari, hata cha simu.

Je, wajua kwamba Git, inayotunza hazina nyingi za leo, ilianzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, wajenzi wa Linux walipoondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu iliyotunza msimbo wao? Mwaka huohuo Kay Sievers akaanza kuandika gitweb, dirisha la kusomea hazina za Git, kwa lugha ya Perl. Tangu 2006 gitweb imo ndani ya msimbo wa Git wenyewe, ingawa kwenye Debian na Ubuntu husakinishwa kama kifurushi cha pekee.

Je, wajua kwamba huhitaji intaneti ili kusoma? Hili ndilo ningependa kila mwalimu wa kompyuta wa Karatu alijue. Ukinakili hazina kwa amri ya git clone, historia nzima huja nayo, tangu badiliko la kwanza. Inakili siku moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, hata Arusha mjini, uibebe kwenye kompyuta mpakato. Bando likiisha, mnara ukizimika, bado umo ndani. Ingia kwenye folda ya hazina, andika git instaweb, amri inayowasha gitweb, na kivinjari kitafunguka kwenye mlango namba 1234. Amri hiyo kwa kawaida hutegemea seva ndogo iitwayo lighttpd, kwa hiyo isakinishe mapema. Wenzako waliounganishwa na waifai ileile wataandika anwani ya kompyuta yako na namba hiyo ya mlango kwenye simu zao na kusoma pamoja nawe. Hutaki waone? Ongeza --local. Ukimaliza, git instaweb --stop.

Je, wajua kwamba dirisha la kudumu ofisini halihitaji mashine kubwa? Kompyuta ya zamani yenye Linux inatosha. Kwenye faili la /etc/gitweb.conf, mstari wa $projectroot huielekeza gitweb kwenye folda zenye hazina. Kila hazina ina faili dogo liitwalo description. Usipoliandika, wageni watakuta maneno ya Kiingereza yanayosema hazina haina jina. Liandike kwa Kiswahili, mstari mmoja tu.

Je, wajua kwamba nywila ikishaingia kwenye hazina, kuifuta kesho hakuiondoi? Inabaki kwenye badiliko la jana, na dirisha litamwonyesha yeyote anayejua kubofya. Ibadilishe nywila hiyo mara moja. Majina ya wagonjwa ndiyo yasikaribie hazina kabisa: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Gitweb inaweza kupangwa, kwa $export_ok, ionyeshe tu hazina uliyoiwekea faili la ruhusa. Weka mpangilio huo kabla ya mengine yote.

Je, wajua kwamba kila badiliko la Git hubeba alama ya tarakimu na herufi, kwa kawaida 40, inayotokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia? Ni kama matabaka ya udongo ya Bonde la Oldupai, ambako Mary Leakey aliona fuvu la kale la Zinjanthropus Julai 1959 katika tabaka la kwanza, la chini: huwezi kuchokoa la chini bila la juu kuonyesha kwamba limeguswa.



Je, wajua kuna madirisha mengine? Cgit imeandikwa kwa lugha ya C na ndiyo iko git.kernel.org. Gitea, ya 2016, ni faili moja linaloendeshwa hata na Raspberry Pi. Kikundi kinachotaka kusoma tu kianze na gitweb.

Je, wajua kwamba sehemu ya gitweb inayofaa kuliko zote huja ikiwa imezimwa? Inaitwa blame, na imezimwa kwa sababu huitumikisha sana kompyuta. Mstari mmoja kwenye gitweb.conf huiwasha. Hapo kila mstari wa msimbo utahusishwa na jina la aliyeubadilisha mara ya mwisho. Bofya, na utafika kwenye badiliko lenyewe, tarehe yake na sababu aliyoitoa.